Baada ya Ukurasa wa Sitini na Moja

Dukani kwetu Al-Khoudh, nyuma ya duka la miwani,
kazi yangu ni kujalidi.
Mei wanakuja wenye shahada, macho mekundu,
chai ya karaki mkononi,
wananiuliza dhahabu ya herufi itadumu miaka mingapi.
Mingi kuliko yenu. Wanacheka. Nachemsha gundi.

Sisomi. Naangalia namba tu, chini, katikati,
maana ukurasa ukikaa kichwa chini
lawama ni yangu.
Ndivyo nilivyoiona ya Thuwayba:
sitini, sitini na moja,
themanini na nane.

Dada, kurasa zimekimbia.
Akatupa jicho kwenye kamera juu ya friji ya maji.
Hazikukimbia, akasema, kwa Kiswahili,
Kiswahili cha bibi yake wa Ng'ambo,
chenye "miye" na "ati" na iliki ndani yake.
Zimeombwa zitoke.
Nani kaziomba?
Kamati. Kwa adabu kabisa. Kwa faida yangu.

Nikurekebishie namba?
Ziache hivyo hivyo.
Mwenye kuhesabu ataona.

Sura ile niliijua. Wiki mbili nyuma
alileta rasimu, mashine ikala karatasi,
nikazichomoa moja moja kwa koleo,
nikalazimika kusoma ili nipange upya.
Ilikuwa habari ya falaji, kijiji kimoja huko nyuma ya Ibra:
nani ana zamu ya maji
tangu alfajiri hadi kivuli kifike jiwe la pili,
na nani hana.
Kisha orodha ya walioshushwa chini kwa kamba
kuzoa tope gizani, mwaka baada ya mwaka:
Feruzi. Mabruki. Almasi. Feruzi mwingine.
Majina mazuri kama vito,
wala hayakufuatwa na bin yeyote.
Maji yalipita juu ya migongo yao
yakaenda kwa wenye mababu.

Hayo tu. Hakumtukana mtu.
Alihesabu.

Basi nikafunga nakala tano, nyeusi,
uti umenyooka kama askari wa gwaride.
Kamati ikasaini. Nasikia alipewa daraja la juu
na hakuna aliyeuliza iko wapi sitini na mbili.

Juni, joto limekaa mlangoni kama mdai,
akaingia Daktari Mundhir, msimamizi wake.
Jina lake nilishalipiga dhahabu mara tano.
Akanunua kalamu asiyoihitaji. Akanunua bahasha.
Akaipa kamera mgongo, akauliza polepole:
Mashine yako hii, huwa inakumbuka?

Mkono uliotia saini
ulikuwa unapapasa kaunta kama wa asiyeona.
Bibi yangu mzaa baba, akasema,
halafu friji ikanguruma,
na ilipotulia hakuwa na la kuongeza.

Kwetu Pongwe nilifunzwa: ulimi uliponza kichwa.
Hakuna aliyenifunza la kufanya
kichwa kinapouponza ulimi.
Na kadi yangu ya ukaazi ina jina langu
na jina la kafili.
Nikasema: Mashine ni kuukuu, daktari. Inasahau.
Akaitikia kwa kichwa
kama mtu aliyerudishiwa chenji kamili.
Kalamu akaisahau.

Nilisema kweli. Mashine inasahau.
Lakini jalada halisimami bila karatasi ya kukazia uti,
na mimi, mtoto wa fundi cherehani,
sijawahi kutupa kipande.
Zile zilizokwama nilizikata nyembamba,
nikazipaka gundi, nikazilaza ndani ya mgongo,
nakala moja hadi ya tano.
Thuwayba hajui.
Ziko maktaba kuu, ghorofa ya pili,
Feruzi, Mabruki, Almasi,
gizani, wamebeba.